Mwalimu wa awali anolewe darasani kwake

Swali la wiki: Mbona walimu wa chekechea hutoka semina na vyeti, lakini darasani mambo ni yale yale?

Semina humpa mwalimu maelezo, ilhali kinachotakiwa kubadilika ni mazoea. Akirudi Kiboriloni au Ngaramtoni anakuta watoto 60 mkekani, wakati uwiano unaotakiwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na wiki haiishi ameshashika njia yake ya zamani. Anayemfaa hapo ni mwalimu mlezi, mzoefu wa madarasa ya awali, anayemtembelea kila baada ya wiki 2 kwa muhula mzima.

Kabla watoto hawajaingia, kwa dakika 10, mwalimu mwenyewe achague jambo la kuangaliwa. Moja tu. Tuseme ni maswali anayouliza. Mlezi akae pembeni, chini, usawa wa watoto, na kwa dakika 20 aandike kila swali kama lilivyotamkwa. Kando yake aweke alama: ni la jibu moja au la kumfanya mtoto aeleze? Alijibu mtoto mmoja au darasa zima kwa pamoja? Mwalimu alingoja sekunde ngapi?

Kwenye kungoja pana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili miaka ya 1970 akakuta walimu kwa kawaida hungoja kama sekunde 1 tu. Walipofikisha 3, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Huku kwetu, mtoto wa Kibosho au Monduli aliyelelewa na bibi kwa Kichaga au Kimaasai hulisikia swali kwa Kiswahili, hulitafakari kwa lugha ya nyumbani, ndipo atafute neno la kujibu. Kwake sekunde 5 si nyingi. Mwalimu ahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Kukiwa kimya bado, alirudie swali lile lile, maana akibadilisha maneno, mtoto anaanza upya. Na lile "Tumeelewana?" liondoke kabisa, "Ndiyooo mwalimu" haimwambii chochote.

Mazungumzo yawe siku hiyo hiyo, watoto wakishaondoka, mwalimu mkuu asiwepo. Mlezi ampe karatasi aisome mwenyewe. Akiona maswali 22, na 19 ni ya "Hii ni rangi gani?", hahitaji kuambiwa. Kisha watunge maswali 3 ya kesho kwa vitu vilivyopo: "Vizibo hivi tuvipange vipi?" "Kwa nini gunzi linaelea na jiwe linazama?" Mwalimu ayatamke kwa sauti, mlezi ajibu kama mtoto. Zoezi hili ndilo hurukwa mara nyingi, na bila hilo ziara inabaki maongezi.

Mlezi asinyakue chaki katikati ya kipindi, wala asiorodheshe makosa 10. Baya zaidi ni karatasi ile kuishia kwenye tathmini ya kazi: kuanzia hapo mlezi ataandaliwa somo la maonyesho tu.

MEWAKA, yaani mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imeshaweka vikao vya walimu shuleni. Walimu wa awali wapewe chao, hata ikibidi shule 3 za kata moja zikutane, maana kwenye kikao cha wote hoja zao humezwa na mitihani ya darasa la 4 na la 7. Masika, njia za mlimani zikiteleza, mwalimu ajirekodi sauti kwa simu dakika 5, ahesabu maswali yake, kisha ampigie mlezi jioni.

Msomaji, Moshi