Debe kwanza, kinanda baadaye: muziki wa kuurudisha mkono baada ya kiharusi

Kusikiliza muziki na kupiga muziki ni tiba mbili tofauti. Tunaanza na hilo kwa sababu nyumba nyingi zikisikia tiba ya muziki huweka redio kando ya kitanda na kungoja vidole viamke. Kusikiliza kuna faida yake. Utafiti wa Helsinki, Finland, uliochapishwa mwaka 2008 ulianza na wagonjwa 60, na walioelekezwa kusikiliza muziki waupendao angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili walirudiwa zaidi na kumbukumbu ya maneno na umakini. Mkono lakini haurudi kwa kusikiliza. Mkono hurudi kwa kutenda, tena mara nyingi mno, na muziki unasaidia pale sauti inapotoka kwenye mkono uleule uliodhoofika.

Utaratibu unaofuatwa na wengi ulianzia Ujerumani. Mwaka 2007 watafiti, akiwemo Eckart Altenmüller wa Hannover, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopiga kinanda cha umeme na ngoma za umeme kwa dakika 30, vipindi 15 ndani ya wiki 3, juu ya mazoezi yao ya kawaida. Mikono yao ilipata wepesi kuliko ya wenzao waliofanya mazoezi ya kawaida tu. Ila wenzao hawakuongezewa dakika hizo. Watafiti wa Barcelona walipolinganisha muda kwa haki, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, makundi yote mawili, la muziki na la mazoezi ya kawaida, yalipata nafuu karibu sawa. Kwa hiyo anayekuuzia muziki kama muujiza usimsikilize, na mazoezi ya mtaalamu wa fiziotherapia usiyaache. Nguvu ya ala ni kwamba mtu anayetafuta wimbo hukubali kurudia harakati moja mara mia, na sikio humwambia papo hapo kidole kilipokosea.

Kabla ya kuanza, daktari awe ameridhika na shinikizo la damu. Kisha mwangalie mgonjwa akiwa amekaa: anaweza kuunyanyua mkono mwenyewe kutoka pajani hadi mezani? Anaweza kukichezesha kidole cha shahada bila kusaidiwa? Akiweza, aanze. Asipoweza, ala zingoje. Kumshika mkono na kumpigia debe hakumfundishi kitu, na kumvuta mkono uliolegea kunaweza kulitoa bega mahali pake, maumivu yatakayomkawiza miezi.

Kiti kiwe na mgongo, nyayo zikanyage chini zote mbili, magoti yakunjike sawasawa. Meza iwe usawa wa kiwiko. Meza ikiwa juu zaidi, bega litapanda kuelekea sikioni na mgonjwa atapiga kwa bega badala ya mkono. Hili ndilo kosa tunaloliona kuliko yote. La pili ni kuinamisha kiwiliwili chote mbele ili kukifikia chombo. Sauti itatoka, msaidizi atapiga makofi, na kiwiko hakijanyooka hata kidogo. Weka kitabu chembamba kati ya mgongo na kiti, kikianguka, ameinama.

Anzeni na debe, kwa sababu bega na kiwiko kwa kawaida hutangulia vidole. Tafuteni vitu vitatu vyenye sauti zisizofanana: debe, ndoo ya plastiki iliyofudikizwa, na sinia. Kimoja kiwe karibu, shibiri moja kutoka kifuani, kingine mbele yake, cha tatu pembeni upande wa mkono mdhaifu. Msaidizi anapiga sauti moja, mgonjwa anaijibu kwa kiganja. Zikikubali sauti moja moja, zije mbili, kisha tatu kwa mpangilio. Kila anapopiga mara kumi mfululizo bila bega kupanda, sogeza chombo vidole vinne mbali zaidi. Mgonjwa asiyeuona vizuri upande wa kushoto, kama inavyotokea kiharusi kikipiga ubongo wa kulia, aanze na vyombo upande wa kulia. Vihamishwe kushoto kidogo kidogo, na kile cha mwisho kifungwe kitambaa chekundu cha kumvuta jicho.

Kuhusu mapigo, usichague wimbo kisha umlazimishe mkono kuukimbilia. Mwache apige mara kumi kwa mwendo wake, ukihesabu sekunde. Akitumia sekunde 15, mwendo wake ni mapigo 40 kwa dakika. Weka programu ya simu ya metronomu, yaani ya kugonga mapigo kwa mwendo uliouchagua, kwenye 40, au 36 kama alikuwa anahema. Ongeza mapigo mawili hadi manne pale tu anapomaliza raundi tatu bila kukosea. Mkiongeza haraka, vidole hujikunja na kuwa ngumi, na saa nzima inaweza kupotea katika kuvilegeza. Vikijikunja, simamisheni kila kitu, laza kiganja mezani kikiwa wazi, mkono wa pili ukikikandamiza taratibu, mkahesabu hadi 30.

Kinanda kinafuata pale kifundo cha mkono kinapoweza kutulia juu ya meza. Epuka kinanda cha kitoto chenye vibonyezo vyembamba, kwa sababu kidole kizito kitabonyeza viwili pamoja na mgonjwa atadhani amekosea. Kibonyezo cheupe cha kawaida kina upana wa kama sentimita 2.3, na hicho ndicho kinachotakiwa. Kinanda cha umeme cha kanisani kinafaa kuliko piano ya mbao, kwa kuwa vibonyezo vyake kwa kawaida ni vyepesi. Kama kina mpangilio wa sauti kuongezeka kwa nguvu ya kidole, uwashwe, ili asikie juhudi yake. Piano ya kwenye simu haitoshi: kioo hakizami, kidole hakipati cha kukisukuma. Na sauti ya kinanda isipitishwe kwenye spika ya Bluetooth. Inachelewa kidogo, na ucheleweshaji huo mdogo unaharibu kile hasa tunachokitafuta, yaani kidole na sikio kukutana.

Waimbaji wa kwaya wana bahati hapa, solfa, yaani do, re, mi, fa, so, wanaijua tayari. Bandika karatasi zenye d, r, m, f, s kwenye vibonyezo vitano vinavyofuatana. Mkono wa kulia, dole gumba linakaa kwenye d. Mkono wa kushoto, dole gumba linakaa kwenye s na kidole cha mwisho kwenye d. Ndiyo maana tunaandika solfa na si namba za vidole. Wengi huandika namba, kisha mgonjwa wa mkono wa kushoto anachanganyikiwa. Msaidizi apige d, mgonjwa ajibu d. Kisha d r, kisha d r m, hadi vitano kwenda na kurudi. Baadaye mistari ya mwanzo ya wimbo mwepesi anaoujua tangu utotoni, noti tano hadi nane tu. Kidole cha pete ndicho kitakachochelewa; kipewe muda wake.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Baada ya kiharusi kubonyeza kwa kawaida ni rahisi kuliko kunyanyua, kwa sababu misuli ya kukunja hukaza na ya kufungua hulala. Basi pigeni kwa hesabu ya nne: moja bonyeza, mbili shikilia, tatu nyanyua, nne kibaki hewani. Hiyo tatu ndiyo tiba yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo hatupendi mpira wa kuminya unaopewa karibu kila mgonjwa, kwani unazoesha kufumba mkono ambao tayari umekazana kufumba.

Kayamba ya Wamijikenda ina nafasi yake, mahali ilipo. Hushikwa bapa kwa viganja viwili, hutikiswa, na madole gumba hugonga juu kufuata mapigo. Mkono usiougua unaubeba mdhaifu, na dole gumba linapata kazi ambayo kinanda hakiipi. Dufu nalo linafaa kwa wapenda kasida, ila liwekwe mezani. Kulishikilia hewani kunachosha bega mapema.

Pigeni dakika tano, pumzikeni mbili, hadi nusu saa itimie, siku tano kwa wiki. Bega likiuma, shusheni vyombo. Likiendelea kuuma, acheni siku hiyo. Kiganja kikivimba, kikiwa na joto na kuuma, mpelekeni kwa mtaalamu kabla ya kipindi kingine. Kichwa kuuma ghafla, mdomo kwenda upande, maneno kuvurugika au mkono kulegea upya ni hospitali saa hiyohiyo.

Kila kipindi kimalizike na dakika kumi za kazi ya kweli, kwa sababu mkono unaojua d r m haufungi vifungo vya shati wenyewe. Kufungua mfuniko, kukunja kanga, kushika kikombe kisicho na maji, kisha chenye maji nusu. Kwa aliyedhoofika mkono wa kulia, tonge la ugali ni zoezi tusilolipata kwenye kinanda: kukata, kufinyanga, kubonyeza shimo kwa dole gumba, kuchovya, kuufikisha mkono mdomoni.

Maendeleo yapimwe kila Jumamosi, saa ileile. Bakuli mbili mezani, vizibo vya soda 50 katika moja, sekunde 60, ahamishe kimoja kimoja. Andika idadi kwenye daftari pamoja na mapigo ya metronomu ya wiki hiyo. Mapigo yakipanda na vizibo vikabaki palepale wiki mbili, punguzeni kinanda kwa dakika kumi na kuzipeleka kwenye vikombe na vifungo. Vyote viwili vikisimama, angalieni kwanza meza na bega kabla ya kuulaumu mkono.