Rangi inabanduka kwenye mabati mapya

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipaka mabati mapya rangi ya mafuta. Mwaka haujaisha, inabanduka vipande vipande, na chini yake bati linang'aa, halina kutu. Fundi anasema rangi ilikuwa mbovu. Ni kweli?
Msomaji, Himbi, Goma

JIBU: Hata rangi ya bei kali ingebanduka. Asidi za mafuta yaliyomo rangini hukutana na zinki, madini yaliyofunika bati, zikatengeneza sabuni, na juu ya sabuni rangi haishiki.

Tena, mabati mengi hupewa kiwandani utando wa kromati, kemikali ya kromu, ili yasiote unga mweupe yakirundikwa na unyevu. Utando huo nao huikataa rangi. Upime hivi: yeyusha gramu 2 za sulfati ya shaba, ile ya buluu ambayo wakulima huchanganya na chokaa, katika mililita 100 za maji. Piga msasa mahali padogo, dondoshea tone hapo na jingine pembeni, pasipopigwa msasa. Yote mawili yakiwa meusi papo hapo, utando haupo. La pembeni likichelewa, upo. Suuza haraka, maana shaba ikibaki italila bati.

Kwangua rangi iliyolegea. Penye unga mweupe, sugua kwa brashi ya nailoni na mililita 10 hadi 20 za amonia katika lita 1 ya maji. Usiichanganye kamwe na javeli, dawa ya kung'arishia nguo. Mvuke wa mchanganyiko huo ni sumu. Penye kromati, tumia msasa laini uliolowa, usivute vumbi lake. Mkono uwe mwepesi: hata kwenye bati zito la Z275, lenye gramu 275 za zinki kwa mita mraba pande zote mbili, kila upande una zinki ya mikroni 20 tu, yaani sehemu 20 za elfu za milimita. Suuza, likauke kabisa, kisha paka siku hiyohiyo rangi ya msingi iliyoandikwa kuwa ni ya zinki, na juu yake akriliki ya maji mara mbili.

Kwa Goma kazi hii si urembo. Moshi wa volkano ya Nyiragongo huitia mvua asidi, na asidi huimaliza zinki isiyofunikwa. Kama mnakinga maji ya paa, toeni bomba la tangi kabla ya kuanza, na mvua za kwanza baada ya kupaka zimwagike.

SWALI: Bolti za njano na nyeupe zina tofauti gani?

JIBU: Zote zina zinki. Njano kwa kawaida ni kromati nzito zaidi, huchelewesha kutu vizuri, lakini joto likipita nyuzi 70 hivi utando hupasuka. Zifungeni baada ya kuchomelea.