Shule imeshika mkia miaka yote, nianzie wapi kuirekebisha?

SWALI: Habari za kazi mshauri. Nimehamishiwa shule ya msingi ya umma kama mwalimu mkuu, shule inashika mkia kwenye mtihani wa mwisho kila mwaka, walimu wamekata tamaa, wazazi wenye uwezo wameshahamisha watoto. Ofisi ya elimu inataka mpango wa maboresho wa miaka 3 na nimepewa mwezi mmoja. Rasimu yangu ina vipaumbele 14, masomo ya ziada kwa darasa la mtihani ndio namba moja, halafu vishikwambi, ukarabati, nidhamu, motisha kwa walimu nk. Niko sawa? Na nifanyeje na walimu wachache ambao hawataki kabisa mabadiliko?

JIBU: Salama mwalimu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kutuma. Kwanza hiyo rasimu iweke pembeni kidogo, maana vipaumbele 14 hakuna shule inayoweza kuvibeba kwa mara moja, utaishia kufanya vikao 14 na darasani hakuna kitakachobadilika. Na hiyo namba moja ndio inanipa wasiwasi kuliko zote. Mtoto anayefeli darasa la mwisho mara nyingi hakuanza kufeli mwaka huo, alikwama darasa la kwanza au la pili kwenye kusoma, akapandishwa hivyo hivyo, na kuanzia hapo kila somo linamdai kitu ambacho hana, sayansi inamdai kusoma, hesabu za mafumbo zinamdai kusoma, hata swali la kuchagua jibu linamdai kusoma. Ukimwongezea masaa mawili ya jioni ya mazoezi ya mtihani unamwongezea masaa mawili ya kutoelewa. Na sio shule yako peke yake, mwaka 2019 Benki ya Dunia ilitoa takwimu kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya watoto wa miaka 10 hawawezi kusoma hadithi fupi rahisi na kuielewa.

Kwahiyo wiki mbili za kwanza usiandike chochote, pima. Simaanishi mtihani wa karatasi, namaanisha mtoto mmoja mmoja akae na mwalimu asome kwa sauti. Andaa karatasi yenye sehemu nne: herufi, maneno mafupi, aya ya sentensi nne hivi, na hadithi fupi yenye maswali mawili. Mtoto unamuweka kwenye ngazi ya juu kabisa anayoiweza, basi, dakika chache tu kwa mtoto. Anza na darasa la pili mpaka la tano. Tumia maandishi ambayo watoto hawajawahi kuyaona, hili usilipuuze, kwa sababu ukitumia kitabu chao cha darasani utadanganyika, wapo watoto wanaosoma ukurasa mzima vizuri kabisa wakiwa wameukariri, ukifunika picha au ukianzia sentensi ya katikati ananyamaza. Vilevile kaa nyuma ya darasa wakati wanasoma kwa pamoja wakimfuatisha mwalimu, sauti inatoka moja, inapendeza, halafu angalia vidole, utaona kidole cha mtoto wa kona kiko mstari wa tatu wakati wenzake wako wa sita, na mwingine kitabu kimegeuka juu chini. Hayo hayaonekani kwenye ripoti yoyote.

Wakati huohuo chukua rejesta za mahudhurio, ila usiangalie wastani. Chukulia darasa la watoto 40, siku 100 za masomo, mahudhurio 93%, kwenye makaratasi linaonekana zuri tu. Lakini 7% iliyokosekana ni sawa na siku 280 za utoro, na inawezekana kabisa watoto 6 wamekosa siku 40 kila mmoja, hizo ni 240 tayari, na wengine 34 wamegawana zile 40 zilizobaki. Hapo huna tatizo la mahudhurio la shule, una watoto 6 wenye majina ambao lazima mtu afuatilie nyumbani kwao ajue kuna nini, kuumwa, kulea wadogo zao, kuogopa mtu shuleni. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni 10%, mtoto akikosa siku moja kati ya kumi basi jina lake liwe mezani kwako. Angalia na mahudhurio ya walimu kwa namna hiyohiyo, na hapo nasema kuwepo darasani, sio kuwepo shuleni, maana kipindi cha dakika 40 kinachoanza kwa kuchelewa, kikaendelea na kugawa madaftari, kikamalizika kwa kunakili ubao, ufundishaji wenyewe unaweza kuwa dakika 15 tu.

Ukishakuwa na hayo mawili mpango unajiandika karibu wenyewe. Lengo moja la kusoma kwa mwaka wa kwanza, kwa mfano kila mtoto anayemaliza darasa la tatu asome hadithi fupi na kujibu maswali, na lengo moja la mahudhurio. Kwa watoto ambao wameshapita hayo madarasa bila kujua kusoma, njia ambayo mimi naiamini ni kuwapanga kwa ngazi badala ya darasa, saa moja kila siku, shule nzima kwa wakati mmoja. Yaani ikifika saa hiyo wa darasa la tatu, la nne na la tano wanaoishia kwenye herufi wanakaa pamoja, wa maneno pamoja, wa aya pamoja, halafu wanarudi madarasani kwao. Shirika la Pratham la India ndilo lililoikuza njia hii, ikafanyiwa majaribio mengi na watafiti akina Abhijit Banerjee na Esther Duflo, hao waliopata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Michael Kremer, na haihitaji vifaa vya gharama. Inachohitaji ni ratiba isiyoguswa, na upime tena kila baada ya wiki 6 hadi 8 ili mtoto aliyepanda ahamishwe kundi, usipohamisha yale makundi yanageuka kuwa madarasa ya wajinga na watoto wanajua haraka sana.

Nani afundishe kundi la herufi? Mwalimu wako bora. Najua kawaida mwalimu bora anapewa darasa la mtihani na aliye mgeni anapewa darasa la kwanza, hiyo ibadilishe mapema hata kama italeta manung'uniko.

Ukarabati weka tu vile vinavyozuia masomo, vyoo, maji, paa linalovuja. Vishikwambi viondoe kwa mwaka huu. Na tafadhali usikubali ushauri wa kurudisha darasa nyuma watoto dhaifu au kuwashawishi wahame kabla ya mtihani, wastani utapanda lakini utakuwa umewatupa walewale uliotumwa kuwasaidia.

Ofisini sema ukweli mapema kwamba matokeo ya mtihani wa mwisho hayatapanda sana mwaka wa kwanza, watoto wanaojifunza kusoma sasa hivi wako chini bado. Waambatanishie jedwali la ngazi za kusoma za mwanzo na uahidi kuwaletea jipya kila muhula. Wazazi nao waonyeshe, mzazi akisikia mtoto wake akisoma mbele yake mwezi wa kwanza na mwezi wa nne hahitaji hotuba.

Sasa hao walimu. Kule Chicago watafiti wakiongozwa na Anthony Bryk walifuatilia shule za msingi za umma miaka ya 1990, zipi zilipanda zipi zilikwama, na kuaminiana kati ya mwalimu mkuu, walimu na wazazi kulijitokeza kama kitu kikubwa sana, palipokuwa hakuna hata mipango mizuri haikushika. Kwahiyo usianze na barua za onyo. Anza kwa kuingia madarasani kila siku bila daftari la kukagua, dakika kumi kumi, na ukitoka mwambie mwalimu kitu kimoja cha kujaribu kesho, kisha kesho urudi kuona. Wewe mwenyewe chukua kundi moja la kusoma ufundishe. Anayegoma mpe kundi dogo na umpimie watoto wake pamoja naye baada ya wiki 6, wengi wanalegea wakiona mtoto kavuka kutoka herufi kwenda maneno mikononi mwao, kwa sababu kukata tamaa kwingi ni kufundisha miaka bila kuona matunda. Akiwa ni mtoro wa kazi au anawaumiza watoto, hilo ni jambo lingine, fuata taratibu za utumishi, andika kila kitu na usichelewe.