Spea za pikipiki kuukuu: nenda na chuma mkononi, usiende na jina

Juzi kijana mmoja wa Mikindani kaniandikia, naweka hapa vile vile alivyoandika: “Kaka, marehemu baba katuachia Honda CG125, iko stoo miaka, kila fundi nikimwonyesha aniambia hii spea zake hazipo tena, ipime kilo uuze skrepa uchukue Boxer, zile pikipiki mpya za Kihindi, kwa mkopo. Wewe yako waiendeshaje?”

Nilicheka kwanza halafu nikashikwa na hasira, manake maneno hayo hayo nimeambiwa mimi, tena na watu wa nyumbani kwetu, na walionicheka bado nawakumbuka mmoja mmoja.

Yangu, nayo CG125, ni ya ami. Alikuwa akienda nayo kazini Shimanzi tangu mimi niko praimari, na alipostaafu akaniita barazani akanipa ufunguo na logibuku, akaniambia mwanangu hii uitunze. Basi wacha niwe mkweli, mwanzo nilikuwa naionea haya. Nikialikwa harusi naiegesha mbali kule nyuma ya msikiti halafu namalizia kwa miguu, watu wasije wakaniona nikishuka juu ya kitu cha taa ya duara na tanki lililopauka. Binamu zangu wakaipa jina, Fort Jesus. Kila nikipita ni “haya Fort Jesus hiyo yapita, pigeni picha.”

Leo? Wiki iliyopita nimetoka nayo Kisauni, nikavuka feri, nikaenda mpaka Lunga Lunga kule mpakani na Tanzania na kurudi, sikufungua hata nati moja. Na yule binamu aliyeanzisha hilo jina, pikipiki yake mpya ishachukuliwa na watu wa mkopo. Simcheki. Nasema tu.

Sasa tuje kwenye hili neno la “spea hazipo”. Si kweli. CG125 Honda waliitoa mwaka 1976 na waliitengeneza makusudi kwa nchi kama zetu, mahali mtu anapakia magunia mawili na mke juu, oili anaimwaga siku akikumbuka, na barabara ni mashimo. Badala ya kuweka kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, juu kichwani mwa injini na cheni ndani ambayo hulegea ikikosa matunzo, wakaishusha chini, valvu zikawa zasukumwa na vijiti viwili vya chuma. Injini ikawa ngumu kufa. Wachina wakaiona, wakaiiga, wakaimwaga dunia nzima. Halafu hapa kwetu Kenya mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya 250 cc, boda zikajaa kila kona, na nyingi katika zile za Kichina ukiifungua injini ndani ni hii hii ya ami. Kwa hivyo dukani Honda mwenyewe humpati, lakini mtoto wake wa nje kajaa rafu nzima.

Shida ni kwamba muuza spea hajui hivyo, au anajua lakini hana haja ya kukufikiria. Siku moja nilikuwa nataka pleti za klachi. Nikaingia duka moja upande wa Mwembe Tayari, zile duka za waya, wewe uko nje yeye yuko ndani. Nikamwambia nataka klachi pleti za Honda. Hata macho hakuinua. “Honda hatuna. Tuna Boxer na TVS.” Nikatoka, nikasimama pale kwenye kivuli nikafikiri, nikarudi, safari hii sikutaja Honda wala sikutaja chochote, nikafungua gazeti nikatoa pleti kuukuu nikaiweka juu ya kaunta. Akaishika, akaifuta oili kwa kidole gumba, akapitisha ukucha kwenye meno ya nje akihesabu kimya kimya, akaenda nyuma akarudi na paketi ina vumbi. Akalaza ya zamani juu ya mpya, meno yakakaa juu ya meno, shimo juu ya shimo. Akaniangalia kama mimi ndio mjinga, “hii si ni ya CG hii, mbona hukusema?”

Wallahi nilitaka kumjibu lakini nikanyamaza, nikalipa.

Tangu hapo mimi siingii dukani na jina, naingia na chuma. Na kama chuma ni kikubwa hakibebeki, naingia na kipimo. Nunueni venia jamani, kile kipimo cha kubana chenye milimita, hata ile ya plastiki, kuliko kila siku kupigiana simu “hebu nitumie picha”. Picha haina milimita.

Tazama pia namba iliyopigwa kwenye injini. Hizi za Kichina utaona 156FMI kwa 125 na 162FMJ kwa 150. Moja ya mwanzo ni idadi ya silinda, zile mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita, 56 na 62. CG yetu ni 56.5, kwa hivyo 156 ndiye ndugu yako, na pistoni ya 162 usijaribu hata kuilazimisha. Ila kuwa macho hapa, herufi hizo hizo wanazipiga pia kwenye injini zenye cheni ndani, ambazo si ukoo wako kabisa. Ukiona nyuma ya silinda kuna kile kifaa cha kukazia cheni, mrudishie mwenye duka spea yake.

Beringi ndio usiulize kabisa habari za pikipiki. Ifute uchafu, ubavuni kuna namba, mfano 6301, maana yake shimo milimita 12, nje 37, unene 12, na popote duniani 6301 ni hio hio, iwe ya gurudumu la pikipiki au ya mota ya pampu. Nenda duka la beringi, sio duka la pikipiki. Oili sili pia imeandikwa, utaona kitu kama 20 34 7, ndani, nje, unene, basi hizo ndizo tarakimu utakazomtajia. Mimi niliwahi kutajiwa sili moja “orijino ya Honda” kwa bei iliyonifanya nitafute pa kukaa, nikaja kuipata kwa wauza beringi kwa pesa ya chai na mahamri.

Cheni yetu ni 428. Kuna 420 ya pikipiki ndogo ndogo, na kutoka pini hadi pini zote mbili ni 12.7, kwa hivyo mtu akizishika mkononi atakuapia kwamba ni moja, lakini 420 ni nyembamba na sproketi ya 428 haiingii. Badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja, usiwe bahili hapo, cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka inaliwa haraka. Plagi ni D8EA ya NGK, mwanya milimita 0.6 mpaka 0.7.

Sasa nije kwenye mafundi, na hapa roho yaniuma mpaka leo.

Kuna gereji moja, jina silitaji, nilikuwa naenda hapo miaka, yule fundi nilikuwa nikimwita ndugu yangu na Ramadhani futari twala pamoja. Nikamwachia kabureta aisafishe, akaniambia zunguka urudi alasiri. Alasiri nakuta pikipiki yawaka, nikamlipa, nikamshukuru na dua juu. Kufika nyumbani naifuta vumbi naona kabureta inang'aa kushinda pikipiki nzima. Ile ya ami ilikuwa imeandikwa Keihin ubavuni kwa herufi za kuinuka, ilikuwa imekwaruzwa hapo karibu na skrubu ya hewa, naijua kama uso wangu. Hii ubavuni tupu. Nikarudi, akaapa, akaapa tena, akamwita na kijana wake aape. Sikuipata. Hii ya bandia sailensa, yaani kule kuunguruma pole pole pikipiki ikiwa imesimama, haishiki vizuri hata uifanyeje, asubuhi lazima nikae nayo nikiipa moto kidogo kidogo, na kila ikizima mimi namkumbuka yule jamaa na futari zangu.

Kwa hivyo sikiza kijana. Fundi akifungua, wewe uko hapo. Beba kiti chako, beba maji yako, kaa. Kabla hujafika piga picha kila kitu chenye jina la Keihin au Honda, chora alama ndogo kwa msumari mahali unapojua wewe. Na spea kuukuu zote zilizotolewa ni zako, ziingie kwenye mfuko wako, hata kama imevunjika vipande vitatu, manake kile kipande kilichovunjika ndicho utakachokwenda nacho dukani.

Kitu kisichopatikana kabisa kinakerezwa. Bushi za mkono wa gurudumu la nyuma nilizitafuta nikachoka, nikaenda kwa mzee mmoja mkereza vyuma Changamwe. Nilikuta mbele yangu jamaa kaja na bushi mkononi peke yake, mzee akaigeuza geuza akamwuliza, “mwanangu, bushi nimeiona, na bolti inayopita humu nikampime nani?” Jamaa akarudi kwao Miritini. Mimi nilikuwa nimebeba vyote, bushi, bolti na ule mkono wenyewe umefungwa kamba begani, watu kwenye matatu wameniangalia lakini haya yangu niliiacha kule nyuma ya msikiti zamani. Mzee akanikerezea za shaba nyeupe, akapima, akaondoa kidogo, akapima tena, akazipiga zikaingia kwa nyundo ya mbao. Bado ziko.

Ukikosa kote huku, kuna Kirinyaga Road kule Nairobi, tuma kipimo sio jina tu, mzigo utapanda basi la usiku. Na CG hii ya zamani Pakistani wameendelea kuiunda mpaka miaka hii, kwa hivyo mwenye mtu wa kumletea kutoka huko hana sababu ya kulia.

Halafu tusisahau sisi tuko Mombasa. Adui wa kwanza wa chuma huku si kilomita, ni chumvi. Upepo wa bahari peke yake watosha, na ukivuka feri siku ya mawimbi ndio kabisa. Lakini kinachoniudhi ni watu kuosha pikipiki kwa maji ya kisima. Visima vingi vya huku maji yake ni ya chumvi, kijana wa kuosha akupulizia mashine kwa presha, waondoka waona yang'aa, kumbe umelipa kutiwa chumvi kwenye kila kiungo cha waya. Ndoo moja ya maji ya mfereji na kitambaa yatosha, halafu oili nyepesi kwenye spoku na nati.

Na waya ndio mahali mafundi wanakula pesa. “Koili imekufa.” “CDI imekufa,” yaani kile kisanduku cha umeme wa plagi. Hebu kwanza chomoa vile viungo vya waya chini ya tanki. Ukikuta ukungu wa kijani, piga msasa, paka vaselini, rudisha. Nusu ya koili nilizoambiwa zimekufa zilifufuka hivyo. Kama yako ni ile ya zamani kabisa ya pointi, ile swichi ndogo ya kukata umeme wa plagi, mwanya wake ni milimita 0.3 hadi 0.4, na huenda umeme wake ni volti 6, usikubali kuuziwa balbu za 12 halafu ukashangaa taa inawaka kama kibatari.

Oili haichukui hata lita moja kamili ukimwaga, nunua iliyoandikwa JASO MA, ndiyo alama ya oili ya pikipiki, manake klachi yetu inaogelea humo humo kwenye oili na oili nyingine za gari zinaitelezesha. Haina filta ya karatasi, kuna kichujio cha waya, kitoe ukioshe. Mwanya wa valvu milimita 0.08 injini ikiwa baridi, zote mbili. Hayo ni ya kawaida, fundi yeyote mwenye fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, ayajua, kama hana fila geji ondoka.

Jamani, niseme kidogo. Vijana wetu tumezoeshwa kwamba kitu kikichoka ni cha kutupa. Mtu atoa pesa kila jioni kulipia mkopo wa pikipiki ambayo akikosa wiki mbili haiko tena mlangoni, na nyumbani kwao kuna chuma cha babake kimelipiwa zamani, chakaliwa na kuku. Kisha asema maisha magumu. Ni magumu kweli, lakini mengine twajitakia wenyewe, na wanaotuambia tutupe ni wale wale wanaotuuzia. Mkiambiwa hakuna, ulizeni mara ya pili. Mkichekwa, chekeni nao, endeleeni kukaza nati zenu. Mimi nilichekwa na ndugu zangu wa damu!

Haya, kijana wa Mikindani. Usipige kiki kwanza. Toa plagi, tia oili kidogo kama kijiko ndani ya silinda, iache ilale, kesho izungushe pole pole kwa mguu bila plagi uone kama imeshika. Mwaga petroli ya zamani yote, ukikuta tanki lina kutu ndani tia siki lilale nayo, kisha suuza. Logibuku ikiwa bado ina jina la marehemu shughulikia hilo mapema na wenzako wa mirathi, barabarani polisi hataki hadithi. Ukishafanya hayo nitumie zile tarakimu za kwenye injini, sio picha ya pikipiki nzima na wewe umeegemea.

Na kama kuna mtu hapa ana kifuniko cha ubavuni cha CG125, upande wa kulia, hata kiwe kimepasuka, aniambie bei. Wa plastiki mpya za Kichina msinisumbue, nishazijaribu, matundu hayakutani.