Kwa nini dhoruba ya sumaku huzima gridi ya umeme lakini simu haiungui?
Ni urefu wa waya. Chembe zenye chaji kutoka kwenye Jua zikifurika angani, uga wa sumaku wa Dunia huyumba (ndiyo dhoruba yenyewe) na kuzaa volti chache kwa kila kilomita ya ardhi. Waya wa chaja wa mita 1 huambulia milivolti tu. Laini ya mamia ya kilomita hupata mkondo mzito, unaopanda kupitia waya wa ethi (unaounganisha na ardhi) hadi kwenye transfoma. Hapo chuma cha ndani hushiba sumaku, transfoma hunguruma, hupata joto na kuchafua umeme, yaani kuvuruga mawimbi yake.

Québec, Kanada, 13 Machi 1989, vidhibiti 7 vya volti vilijizima kwa uchafu huo. Gridi ikaanguka ndani ya sekunde 90 hivi. Mwamba wa huko haupitishi umeme vizuri, mkondo ukakimbilia nyaya.