Maswali ya wavuta siga: anza na mvuto, ladha baadaye

Nilinunua siga ya Kuba kwa bei kubwa. Navuta hadi mashavu yanauma, moshi hautoki, inazimika, na ladha ni uchungu mtupu. Nimeuziwa bandia? (Mombasa)

Inawezekana, maana za Kuba huigwa sana. Lakini mimi ningeanza na unyevu. Siga, kwa kuwa ni majani matupu ya tumbaku yaliyoviringishwa, hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na hewa ya Pwani mara nyingi huzidi hapo. Jani likinywa maji huvimba, njia ya moshi inabana, siga inazimika. Kila ukiiwasha upya, uchungu unazidi. Malalamiko mengi ya ladha ninayoletewa, chanzo chake ni hicho.

Zilizobaki zifungie kwenye kisanduku kisichopitisha hewa, pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 65, wiki mbili tatu. Kisha kata kifuniko cha kichwani, yaani upande wa mdomoni, milimita mbili tu, uvute kabla ya kuwasha. Ukisikia uzito kidogo, kama kunywa mtindi kwa mrija, iko sawa. Ikigoma, ipapase kwa kidole gumba toka kichwani hadi mguuni, upande wa kuwashia. Ukikuta fundo gumu, majani yalisokotwa vibaya wakati wa kuviringishwa, na kulikausha hakutasaidia.

Kuba, Nikaragua na Jamhuri ya Dominika zinatofautianaje?

Za Dominika, kutoka bonde la Cibao, kwa kawaida ni laini, hasa zikivishwa jani la nje la Connecticut, Marekani, lililokuzwa chini ya kivuli cha vitambaa. Za Estelí, Nikaragua, hukupiga pilipili manga tangu mwanzo. Za Vuelta Abajo, Kuba, mimi huzipendea harufu ya udongo na mbao. Ukizilinganisha, chagua unene uleule, kwani siga nene huungua kwa ubaridi kuliko nyembamba, na uanze na iliyo laini.

Yangu huungua upande mmoja.

Choma mguu wote taratibu kabla ya kuvuta, kisha vuta mara moja hivi kwa dakika. Ikiendelea, kosa ni la mviringishaji: ligero, majani ya juu ya mmea, ni makali na huungua polepole, hivyo hukaa katikati. Yakienda pembeni, upande huo unachelewa.

Moshi simezi. Si ni salama?

Hapana. Saratani ya mdomo, koo na umio huwapata hata wasiomeza moshi.

Kwa nini tumbaku yetu ya Urambo haitengenezi siga? (Tabora)

Ile ni tumbaku aina ya Virginia, hukaushwa kwa joto ndani ya mabani kwa siku chache na kubaki na sukari yake, ndiyo maana hupendwa na viwanda vya sigara. Jani la siga huning'inizwa wiki kadhaa kwenye banda lenye hewa, kisha hulundikwa lichachuke hadi ukali wa amonia utoke. Afrika hata hivyo imo: jani la Kameruni, jembamba na lenye utamu, huvishwa siga za bei ya juu, na hulimwa pia Jamhuri ya Afrika ya Kati.