Mbono umehimili ukame, mbona hauzai?

Mkuu, umeuliza kwa nini mbono wako (mbono kaburi, yaani jatropha) umemaliza kiangazi bila kufa ila mbegu ni za kuokoteza, wakati uliambiwa zao hili la mafuta halitaki mvua. Nimelima mbono, sasa niko kwenye mtama mtamu, ule ambao juisi ya bua lake hutengenezwa ethanoli, spiriti ya kuendeshea injini. Jibu langu: kutokufa na kuzaa ni vitu viwili.

Maji yakipungua, mbono hupukutisha majani na kuishi kwa akiba iliyo kwenye shina. Sasa mti usio na jani utatengeneza chakula kwa kutumia nini? Na mbegu yake, ambayo theluthi hivi ya uzito wake ni mafuta, inadai chakula kingi. Waliounadi sana miaka ile ya 2000 walisifia uhai wa mti, mavuno wakayapita kimya.

Mtama hung'ang'ana kufanya kazi. Mizizi huzama chini, jani hujikunja kupunguza jua, na ule unga mweupe unaoushika kwenye shina ni nta ya kuzuia maji yasipotee. Ndani ya seli hulimbikiza sukari na chumvichumvi ili maji yabaki humo. Ukame ukija kabla ya kuchanua, husimama kukua, na mvua ikirudi huendelea.

Kuna mbegu za mtama, nyingine zenye asili ya Ethiopia, ambazo majani hubaki kijani hata ukame ukipiga baada ya maua. Siri yake kubwa iko mapema: machipukizi machache, majani ya juu madogo, hivyo maji ya udongoni hayaishi kabla ya punje kujaa. Mmea bahili huo! Lakini mvua ikiwa nzuri, ubahili huo unaweza kukupunguzia majani na mabua, na sisi wa nishati tunauza mabua.

Tena usidanganywe na kipimo cha utamu. Bua lililopigwa na ukame mara nyingi husoma sukari juu kwa sababu juisi imekolea. Ukikamua, inatoka kiduchu. Pima pia ujazo wa juisi.

Mkonge na jamaa zake ndio mabingwa wa ukame, hufungua matundu ya majani usiku wakati maji hayapotei sana, ila ukuaji wake ni wa polepole.

Mbono wako usiung'oe. Kama una maji kidogo, yaweke wakati wa maua na matunda kujaa. Kama huna kabisa, ufanye uzio, shamba upande mtama.